Mkono wa Mlango Uliolegea

Siku moja ya mwezi wa Machi, mvua ikinyesha, jirani yetu mmoja hapa Bukavu alikuja kutuita mbio. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa amefungiwa katika chumba cha kulala. Hakuna aliyezungusha ufunguo wala kutia komeo. Upepo tu uliusukuma mlango. Mtoto alipouvuta mkono wa mlango kwa ndani apate kutoka, mkono ule ukamjia kiganjani pamoja na kijiti chake cha chuma. Kwa nje, baba akawa anazungusha mkono mwingine usioshika kitu. Alikuwa amekwisha kuleta shoka.

Tukamwomba aliweke chini. Tulifungua bamba la nje, tukakitoa kijiti cha mlango wa jikoni, tukakitia tunduni, tukakibana kwa koleo na kukizungusha. Mlango ukafunguka. Ilikuwa mchana, wala hapakuwa na mshumaa unaowaka chumbani. Lakini mkono ule ulikuwa umelegea tangu Noeli, na watu wote wa nyumba ile walijua. Kila mmoja alikuwa amejifunza kuushika kwa namna yake, isipokuwa mtoto.

Kwa hiyo juma hili, wasomaji wapendwa, twataka kusema habari za mikono ya milango, yaani vile vishikio vya kufungulia milango ya vyumba. Kazi yenyewe ni ndogo, nayo haidai fundi.

Kwanza yafaa kujua jinsi mlango unavyofunguka. Mikono ni miwili, mmoja ndani na mmoja nje, na baina yake kinapita kijiti cha chuma chenye pembe nne, kilichopenya katika kitasa. Ukiubonyeza mkono, kijiti huzunguka na kuuvuta ulimi wa kitasa urudi ndani. Ukiuachilia, kamani iliyomo kitasani huusukuma ulimi utoke tena.

Basi, kabla ya kutafuta bisibisi, jaribu kwa mikono yako. Shika bamba kwa mkono mmoja, tikisa kishikio kwa mwingine. Ikiwa bamba lenyewe latikisika, skurubu zake (wengi wetu twaziita visi) hazishiki tena katika ubao. Ikiwa bamba limetulia lakini mkono wateleza na kutaka kutoka, kasoro iko pale mkono unapofungwa na kijiti. Ikiwa vyote vimeshikamana, lakini mkono wazunguka bure kidogo kabla ya ulimi kusogea, kijiti kimelika au ni chembamba kuliko tundu lake. Na ikiwa mkono wabaki umeinama chini kama mtu aliyechoka, mara nyingi kamani imevunjika, nawe huna budi kukifungua kitasa au kukibadili.

Skurubu zilizolegea ndizo tunazozikuta mara nyingi. Wengi huchukua kisu cha jikoni na kuzikaza. Zinakaza siku mbili, kisha zinalegea tena, kwa sababu tundu limekwisha kupanuka, na kichwa cha skurubu kimeharibiwa na kisu. Dawa ni kuitoa skurubu kabisa, kulijaza tundu kwa vipande vyembamba vya mti vilivyopakwa gundi ya mbao, na kuacha mpaka kesho yake. Njiti za kiberiti zafaa sana, vichwa vyake vikiisha kuondolewa. Gundi ikikauka, kata kinachotokeza, paka skurubu sabuni au nta ya mshumaa ili iingie kwa urahisi, kisha ikaze kwa bisibisi inayolingana na kichwa chake. Usitie skurubu ndefu zaidi kwa kudhani itashika vema, wala usipige msumari: ncha yake yaweza kugusa kitasa na kuuzuia ulimi usitembee.

Milango ya siku hizi iliyo nyepesi ina shida yake. Mingine ni mbao mbili nyembamba, na katikati yake karatasi nene zilizopangwa kama sega la nyuki. Skurubu ikikosa mti imara ndani, haina kitu cha kuuma, hata ungetia njiti za kiberiti za kopo zima. Hapo zatakiwa bolti ndefu zinazopita toka bamba la nje mpaka bamba la ndani, zivutane zenyewe. Usizikaze kupita kiasi, maana mabamba yakiuponda mlango, mkono utakuwa mgumu.

Sasa tuje kwenye mkono unaoteleza. Tazama shingo yake, hasa upande wa chini, utaona tundu dogo lenye skurubu isiyo na kichwa. Hiyo hukazwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Sukuma kwanza mkono wote ndani, kisha kaza ili ncha ibane ubapa wa kijiti, si pembe yake. Usitumie nguvu nyingi, kwani mikono mingi ya bei rahisi ni ya madini laini, na nyuzi za skurubu hufutika upesi. Tone moja la rangi ya kucha juu ya nyuzi hizo kabla ya kukaza huizuia skurubu isijifungue yenyewe. Akina mama wanayo. Waombeni kwa adabu.

Katika nyumba za zamani mara nyingi hakuna skurubu ya namna hiyo, ila kimsumari kinachopita katika shingo ya mkono na katika kijiti. Kikipotea, watu hutia waya wowote. Waya ukiwa mwembamba hucheza, na kwa kucheza hulipanua tundu kila siku. Afadhali kukata msumari unaojaa tundu barabara.

Ninyi wanafunzi mlio na rula, pimeni unene wa kijiti kabla wazazi hawajaenda dukani. Vitasa vya namna ya Kifaransa mara nyingi vina kijiti cha milimita 7. Vile vya Kijerumani na vya Kibelgiji mara nyingi vina cha milimita 8. Milimita moja haionekani kwa macho, lakini ukitia kijiti cha 7 katika kitasa cha 8, mkono utacheza tangu siku ya kwanza, nawe utamlaumu muuzaji bure. Ikiwa hupati kinacholingana, kizungushie bati jembamba la kopo mpaka kijae.

Walakini mara nyingi mkono hauna kosa. Mkono hulegea kwa sababu watu huulazimisha, nao huulazimisha kwa sababu mlango haufungiki vizuri. Skurubu za bawaba ya juu zikilegea, mlango huinama, na ulimi haukutani tena na tundu lake katika mwimo. Basi kila mtu huinua, husukuma, huvuta, na mkono hubeba uzito usio wake. Paka masizi kidogo kwenye ulimi, funga mlango, kisha fungua: alama itakuonyesha unapogonga. Kaza bawaba kwanza. Ikiwa haitoshi, panua kidogo kwa tupa lile tundu la mwimoni.

Mvua nayo ina sehemu yake. Toka Septemba hadi Mei mbao huvimba, hasa zile zilizopigwa zikiwa mbichi. Usikimbilie kuupiga mlango randa mwezi wa Aprili, kwa sababu mwezi wa Julai utaona mwanga wa nyumba nzima ukipita pembeni. Na kwa wale wanaokaa kwenye miteremko, kama huko Funu ambako ardhi husogea polepole, twasema hivi: ukiona ufa ukutani juu ya mlango, acha mkono wa mlango na utazame nyumba. Miimo ikipinda, bisibisi haina la kufanya.

Tumeona pia watu wakipaka mafuta ya mawese kitasani. Siku ile kitasa hutembea vizuri. Baada ya miezi mafuta huganda, yakakamata vumbi, na mkono hurudi juu kwa uvivu. Matone mawili ya mafuta ya cherehani yafaa zaidi.

Jirani yetu alifanya kazi yake jioni ileile: njiti sita za kiberiti, gundi kidogo, kijiti kipya cha milimita 8. Mkono wa jikoni aliurudishia kijiti chake. Kisha akanunua kijiti kingine kimoja cha akiba, akakitundika kwa uzi kwenye msumari, ukutani, upande wa nje wa chumba cha watoto.