Chumvi Ipi Iingie Chunguni?

Wapendwa akina mama, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho kila nyumba inacho, nacho ni chumvi. Usigeuze ukurasa ukisema, "Chumvi ni chumvi tu." Hata mimi, pamoja na uuguzi wangu wote, niliwahi kuichukulia hivyo.

Kikundi chetu cha akina mama hapa Mikumi kilikuwa kikinunua chumvi kwa jumla na kuwauzia wanachama. Siku moja tuliletewa magunia mawili ya chumvi ya mawe, bei nafuu sana, yasiyo na maandishi yoyote. Mama mmoja mtu mzima akasema, "Hii imetoka baharini, kila kitu kimo." Wote wakanitazama mimi. Nilijua jibu, lakini niliiangalia bei nikanyamaza. Tukanunua.

Wiki chache baadaye alikuja kliniki dada mmoja kutoka vijiji vya milimani upande wa Kilosa. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Nilipomweleza habari za chumvi, alijibu kwa furaha, "Usiwe na wasiwasi dada, mimi natumia ile mliyoniuzia ninyi." Usiku ule sikupata usingizi. Kesho yake niliidondoshea chumvi ile dawa ya kupimia. Chumvi yenye madini joto hugeuka rangi ya zambarau. Ile yetu ilibaki nyeupe.

Madini joto, yaani iodini, yanahitajiwa na tezi ya shingoni ili itengeneze homoni za kukuza mwili na ubongo. Yakipungua, tezi huvimba, na ndilo rovu tunaloliona shingoni. Lakini hasara kubwa haionekani kwa macho. Mama mjamzito akiyakosa, mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kuzaliwa mfu, au akazaliwa hai lakini ubongo wake usikue inavyopaswa. Katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni za mama yake, na ubongo ukishaharibika hivyo haurudi. Siwezi kusema kwamba mimba za dada yule ziliharibika kwa sababu ya chumvi, maana sababu ni nyingi. Nasema tu kwamba kinga ilikuwepo nasi hatukumpa.

Kwa nini watu wa milimani? Kwa sababu mvua za miaka mingi huyaosha madini haya kutoka kwenye udongo, na chakula kinachooteshwa hapo hukosa pia. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huzidisha tatizo. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika maeneo yaliyoathirika sana, na katika miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula itiwe madini joto.

Sasa, je, chumvi ya bahari haina iodini? Samaki wa baharini anayo, lakini chumvi iliyokaushwa juani ina kidogo mno. Iwe imetoka Bagamoyo, Lindi au kwenye chemchemi za Uvinza, ni lazima itiwe madini joto kiwandani.

Ukienda sokoni, zingatia haya:

Nunua chumvi iliyofungwa katika pakiti, yenye maandishi kwamba imetiwa madini joto, jina la mtengenezaji, tarehe, na alama ya ubora ya TBS. Weupe au ulaini wake si ushahidi.

Usinunue iliyoanikwa juani au iliyolowa maji. Jua, joto na unyevu hupunguza madini hayo.

Nyumbani, iweke katika chombo chenye mfuniko, mbali na jiko. Wengi wetu huiweka juu ya mafiga ili isilowe, kumbe tunaipoteza. Usiioshe ili kuondoa mchanga, maana iodini huondoka na maji. Tia chumvi chakula kinapokaribia kuiva.

Wala usiongeze kipimo. Mtu mzima inamtosha chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya dukani. Kilo moja ya chumvi yenye miligramu 30 za iodini humpa mtu, katika gramu 5, maikrogramu 150, na hicho ndicho kiasi anachohitaji kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji 250, kwa hiyo wale pia samaki wa baharini, mayai na maziwa wakiweza, na wamwulize mhudumu wa kliniki. Chumvi nyingi huleta shinikizo la damu. Mwenye rovu tayari aende hospitali, asijitibu kwa chumvi.

Na yale magunia? Nilisimama mbele ya akina mama nikasema, "Nilijua, nikanyamaza." Lilikuwa neno gumu kulitamka. Tulipita nyumba kwa nyumba kubadilisha chumvi ile kwa pakiti, na iliyobaki tukamwuzia mtu anayehifadhi ngozi, kwa hasara. Kwa dada yule wa milimani nilikwenda mwenyewe. Alipokea pakiti, akaisoma maandishi polepole, kisha akasema, "Ahsante kwa kurudi, dada."

Mama mpendwa, kabla hujapika leo, chukua pakiti yako ya chumvi, nawe uisome.