Bunduki ya Speke na Ulimi wa Bombay

Nimechoka na bunduki ya Speke. Tangu nistaafu nimetazama filamu nyingi za kumbukumbu zinazosimulia habari za chanzo cha Mto Nile, na karibu kila moja lazima ifike pale pale: Septemba 15, 1864, mashambani Uingereza, ukuta mfupi wa mawe, mlio wa risasi. Siku iliyofuata John Speke alikuwa asimame mjini Bath kushindana kwa hoja na Richard Burton, mwenzake wa safari. Je, ilikuwa ajali au alijiua? Muziki wa huzuni unapigwa, mtaalamu anatikisa kichwa, na sisi tuliokaa sebuleni hapa Dodoma tunaambiwa kwamba hilo ndilo fumbo kuu la safari zile.

Mimi nakataa. Tazama jinsi ubishi wenyewe ulivyoanza. Mwaka 1857 Wazungu hao wawili walipita Ugogo wakaenda Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Mwaka uliofuata Burton akabaki Kazeh, Speke akaenda kaskazini, na Agosti 3, 1858 akaiona nyanza pale Mwanza. Akarudi akisema hicho ndicho chanzo cha Nile. Burton akakataa katakata. Filamu husimulia jambo hili kana kwamba mashahidi walikuwa wawili, na mmoja kafa. Shahidi wa tatu alikuwapo, na alikuwa Mwanza siku ile. Speke hakujua Kiarabu wala hakukimudu Kiswahili. Alimwuliza Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani, Bombay akawauliza watu kwa Kiswahili, wao wakaulizana kwa lugha zao, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Burton mwenyewe alijenga hoja yake juu ya hilo: aliandika kwamba swali lilikuwa limeharibika njiani kabla ya kumfikia mwenyeji. Kumbe basi ugomvi wote ule wa mabwana wasomi ulisimama juu ya ulimi wa mtu mmoja. Je, alisikia sawasawa? Alisikia sawasawa. Mwaka 1862 alikuwa pamoja na Speke pale maji ya nyanza yanapotokea, karibu na Jinja.

Mtu huyo alizaliwa Uyaoni, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Zanzibar. Baada ya Speke alimwongoza Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kisha akaenda na Cameron kutoka Bagamoyo mwaka 1873 hadi pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Alikufa 1885. Ugogo wetu huu aliuvuka si chini ya mara tano. Hata lile jina Bombay ni la mji. Jina alilopewa na mama yake halimo katika vitabu vyao. Hilo kwangu ni fumbo kubwa kuliko bunduki yoyote, lakini bado sijaona filamu inayolipigia muziki.

Lakini nisiwasute wengine nikajiacha. Miaka ya themanini, nikiwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, niliwaonyesha wanachuo filamu ya namna hiyo kwa projekta ya kuazima. Kijana mmoja, Mgogo, akanyoosha mkono akauliza yule mweusi anayesema kwa niaba yao ni nani. Nikamjibu, "Ni mtumishi wao, tuendelee." Darasa likaendelea. Wanachuo wale wakaenda kufundisha vijijini, na kila mmoja akaenda na jibu langu. Nilikuja kuwa mkuu wa shule, nikasahihisha mengi, lakini hilo sikuwahi kulirudia kulisahihisha. Nilikuwa sijui, na sikuona aibu kutojua.

Watengenezaji hujitetea kwamba watu wetu hawakuandika. Utetezi huu ni wa uvivu. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Jacob Wainwright, mmoja wa waliobeba maiti ya Livingstone hadi Bagamoyo mwaka 1874, aliandika shajara ya safari ile. Na vitabu vya Wazungu wenyewe vimejaa maneno ya Bombay kwa anayetaka kuyatafuta. Lakini watengenezaji hao hao ukurasa mmoja wa shajara ya Stanley ukichanwa, ule wa siku ya Ujiji, wanaukalia robo saa nzima.

Halafu Ugogo. Kwao ni nchi ya vumbi na watemi walafi wanaodai hongo. Mimi ni mzaliwa wa huku, naomba niulize: msafara wa mamia ya watu ulikuwa unakunywa nini? Visima vilichimbwa kwa mikono katika mchanga wa makorongo, na watu wa hapa ndio waliovitunza na kuvinywea wao na ng'ombe wao. Mgeni alikunywa, akanunua mtama, akalipa kwa nguo. London pia mzigo ulilipiwa ushuru bandarini, na sijaona filamu inayomwita karani wa forodha mlafi.

Nami sipingi filamu, maana picha hufundisha haraka kuliko chaki. Nataka tu mtengenezaji anayekuja na kamera yake aachane na ukuta wa mawe wa Uingereza, aanzie Chunyo, mwezi wa Oktoba, aikate nyika ya Marenga Mkali kama wapagazi walivyoikata: kwa terekeza, yaani kuondoka mchana jua likiwa kali, kulala bila maji, na kuamka alfajiri kuendelea. Kichwani awe na frasila mbili. Akifika upande wa pili, amtafute mzee yeyote amwulize kisima kiko wapi, na atatakiwa kutoa nini.