SHOTI SI YETU, NI TANGI LINALOVUJA
Maoni ya Mfanya Kazi wa Pampu

Ndugu wafanya kazi,

Kila mwisho wa mwezi malalamiko ni yale yale kutoka kwa ndugu zetu wanaouza petroli. Mtu amefanya kazi usiku na mchana, juani na mvuani, naye akipokea mshahara akuta umekatwa. Akienda kwa meneja kuuliza, jibu ni neno moja tu: shoti.

Kwa ndugu wa kazi nyingine wasiolijua neno hili, nitaeleza. Petroli ya stesheni hukaa katika tangi kubwa lililozikwa chini ya ardhi. Asubuhi mmoja wetu hufungua kifuniko, hutia fimbo ndefu yenye alama, huitoa, husoma petroli imefika wapi, kisha huandika kitabuni. Halafu mita za pampu husomwa. Ikiwa mita zasema tumeuza lita 3,000, na tangi limepungua lita 3,040, basi zile 40 ndizo shoti. Mwenye stesheni hataki hasara, kwa hivyo lita 40 hugawanywa kwa waliokuwa zamu, nao hulipa.

Leo nataka kusema jambo ambalo wengi wetu hatujalifikiri. Mara nyingine zile lita 40 hazikuibwa na mtu. Zimeingia ardhini. Na kitabu kile kile kinachotumiwa kutukata mshahara ndicho ambacho kingeokoa visima vya watu, kama kungekuwa na sheria ya kukisoma vizuri na fedha za kuondoa uchafu.

Nitaeleza niliyoyaona mwenyewe. Miaka ya nyuma niliajiriwa katika stesheni moja ya kando ya barabara kuu. Jina lake sitalitaja. Shoti ilianza lita 15 kwa siku, ikawa 20, ikawa 30. Tulikuwa wanne, tukakatwa miezi mitano. Sisi wenyewe tukaanza kushukiana, kila mmoja akimtazama mwenzake mikono. Mmoja wetu, mzee mwenye watoto sita, alifukuzwa kazi na kuitwa mwizi. Mzee aliondoka, lakini shoti haikuondoka.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa akiuza chai nyuma ya stesheni akatuambia kwamba maji ya kisima chake yananuka petroli, na wateja wanaikataa chai yake. Tulimweleza meneja. Akasema tunyamaze, tusiharibu jina la biashara. Mwishowe tangi lilichimbuliwa. Chini yake palikuwa na tundu la kutu, ukubwa wa kidole kidogo. Mwenye stesheni alitia tangi jipya, na baada ya mwaka akauza mahali pale akaenda zake. Udongo ulionuka ulifukiwa vile vile. Hakuna aliyeturudishia mshahara wetu. Hakuna aliyemwita mzee yule kumwomba radhi. Mama wa chai alihama.

Sisemi kwamba kila shoti ni tangi bovu. Tuseme kweli, wizi upo, na mwizi katika kazi yetu ni adui yetu kwanza. Pia yapo malori yanayoleta mafuta pungufu. Na liko joto. Petroli ikipoa hupungua: lita 10,000 zilizofika na joto la barabarani, zikipoa digrii kumi ndani ya tangi, hupungua lita kama 100 bila mtu kugusa tone. Lakini nauliza, ikiwa sababu ni nyingi hivyo, kwa nini anayeshikwa kila siku ni mmoja, mwenye kushika bomba la pampu?

Sasa tutazame hatari yenyewe. Tangi la chuma kitupu likizikwa katika udongo wenye unyevu hushikwa na kutu. Mara nyingi hata si tangi, ni mabomba na viungo vyake. Tundu likivuja lita mbili tu kwa siku, kwa mwaka ni lita 730. Petroli hushuka mpaka penye maji ya chini, huelea juu yake na kutembea nayo kufuata mkondo. Ndani ya petroli mna kitu kiitwacho benzeni, ambacho madaktari wamethibitisha kwamba huleta kansa ya damu. Moshi wake hupenya hata sakafu za nyumba na kujaa vyumbani, ukingoja kiberiti. Katika miji yetu mikubwa na midogo, ambapo watu wengi hunywa maji ya visima, hili si jambo la kufanyia mzaha.

Wakenya tumekwisha kuona mafuta yanavyofanya yakitoka mahali pake. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yalivuja kutoka bomba kuu na kushika moto katika kijiji cha Sinai, Nairobi. Watu wapatao mia moja waliungua wakafa. Mwaka 2015 bomba la kutoka Mombasa lilivuja huko Kibwezi, na watu wa bonde la mto Thange wakapoteza maji na mashamba. Kesi yao ikachukua miaka na miaka. Hayo yalikuwa mabomba makubwa, na magazeti yaliandika. Tangi la stesheni halipigi kelele. Huvuja polepole, na gazeti haliji.

Wako watakaosema sheria ipo. Ni kweli. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yasema aliyechafua ndiye alipe, na tena iliweka mfuko wa kurudisha mazingira katika hali yake pale ambapo mchafuaji hajulikani. Maneno mazuri. Lakini mchafuaji aliyeuza stesheni akahama utamlipisha vipi? Na mfuko usio na njia ya hakika ya kujazwa ni kama debe lililotobolewa: waweza kulipaka rangi, maji halitachota.

Tutazame wenzetu wa Marekani, maana wao waliumia kabla yetu. Miaka ya 1980 walihesabu zaidi ya matangi milioni 2 yaliyozikwa, mengi ya chuma kitupu. Mwaka 1984 bunge lao lilitunga sheria ya matangi hayo. Mwaka 1988 zikatoka kanuni, na wenye matangi ya zamani wakapewa mpaka tarehe 22 Desemba 1998 wayakinge na kutu au wayaondoe. Zaidi ya milioni moja yalifungwa. Tangu hapo mahali zaidi ya 500,000 palipatikana pamevuja. Hata mji wa Santa Monica katika California, mji wenye mali, mwaka 1996 ulifunga visima vyake kwa sababu ya dawa iitwayo MTBE, iliyokuwa imetiwa katika petroli ikavuja ardhini. Mji ulipoteza karibu nusu ya maji yake, ukalazimika kununua maji ya mbali.

Katika kanuni zao yako mambo matatu yatupasayo sisi.

La kwanza ni kitabu cha fimbo. Kanuni ya 1988 ilisema wanaotumia fimbo walinganishe hesabu kila mwezi. Upungufu ukizidi asilimia moja ya mafuta yaliyopita, pamoja na galani 130, hiyo ni dalili ya kuvuja, na ukirudia mwezi wa pili lazima serikali ipashwe habari katika saa 24. Sasa piga hesabu. Stesheni iuzayo lita 100,000 kwa mwezi, asilimia moja ni lita 1,000, na galani 130 ni kama lita 490. Jumla lita 1,490. Kule, chini ya kiasi hicho, hesabu haikutosha hata kulishuku tangi. Huku, kwa lita 40 tu mfanya kazi ameshahukumiwa! Na wao wenyewe walijua kwamba fimbo haiwezi kukamata tundu dogo, kwa hivyo walidai pia tangi lipimwe kwa vyombo, na fimbo ikawa njia ya miaka kumi tu kwa tangi. Fimbo ni dalili. Si hukumu.

La pili ni fedha. Kwanza mwenye tangi hudaiwa aonyeshe bima au dhamana. Kwa muuza petroli ni dola milioni moja kwa ajali moja. Lakini wako waliofilisika na waliokimbia. Kwa ajili ya hao, mwaka 1986 uliwekwa mfuko maalum, na kila galani ya petroli hulipa sehemu moja ya kumi ya senti ya dola. Serikali husafisha kwa fedha hizo, kisha humdai mwenye tangi akipatikana.

La tatu ni onyo. Fedha zilipojaa mfukoni, wakubwa walizitamani. Mwaka 2012 bunge la Marekani lilichukua dola bilioni 2.4 kutoka mfuko ule wa matangi, likazipeleka katika mfuko wa barabara, na huku maelfu ya mahali palipovuja yangali yakingoja kusafishwa. Mpaka leo kazi haijakwisha. Basi mfuko bila kufuli ni chambo cha wakubwa.

Najua wenye stesheni watalia kwamba petroli itapanda bei. Nawajibu kwa hesabu. Kiasi cha Marekani, dola ikiwa shilingi 130, ni kama senti tatu na nusu kwa lita. Tuseme sisi tutoze senti 5. Mwenye pikipiki akitia lita 5, atalipa senti 25. Matatu ikitia lita 40, ni shilingi 2. Na kila lita bilioni moja zitakazouzwa zitaleta shilingi milioni 50. Mwaka 2020 ushuru wa maendeleo ya mafuta ulipandishwa kutoka senti 40 mpaka shilingi 5 na senti 40 kwa lita. Mwaka 2024 ushuru wa barabara ulipandishwa kutoka shilingi 18 mpaka 25. Aliyeweza kutuongezea shilingi 7 kwa barabara asituambie kwamba senti 5 kwa visima zitaua nchi. Wala haifai kuongeza hata hizo 5. Zaweza kutolewa katika zile tunazolipa tayari.

Nasikia na swali la upande wetu pia. Ndugu mmoja aliniuliza, "Kwa nini mnunuzi maskini alipe uchafu wa tajiri?" Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba tajiri atangulie kulipa, kwa bima yake na kwa mali yake, na mfuko uwe wa mahali pasipo na mwenyewe, na wa hatari isiyoweza kungoja kesi. Maana leo maskini analipa tayari. Analipa kwa mshahara uliokatwa, kwa kisima kilichoharibika na kwa hospitali. Tofauti ni kwamba haandikiwi risiti.

Kwa hivyo naomba chama chetu kiyapeleke mambo haya mbele ya waajiri na serikali:

1. Shoti isikatwe mshahara kabla tangi, mabomba na mita havijapimwa na fundi asiye wa mwajiri. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yaruhusu kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mtu aliyekabidhiwa fedha kwa mkataba. Tundu la kutu si uzembe wetu.

2. Kitabu cha fimbo kiwekwe kwa sheria, kilinganishwe kila mwezi, na nakala yake ikae kwa mjumbe wa wafanya kazi. Upungufu ukipita kiasi kilichowekwa, serikali ipashwe habari katika saa 24.

3. Mfanya kazi atakayetoa habari ya tangi linalovuja asifukuzwe wala kuhamishwa.

4. Tangi lisilo na bima na cheti cha kupimwa lisiletewe mafuta. Marekani waliweka katazo kama hili mwaka 2005. Lori likigeuka, mwenye stesheni atatafuta fundi siku hiyo hiyo.

5. Senti 5 za kila lita ziingie mfuko wa kusafisha, wenye kufuli ya sheria, na hesabu zake zitangazwe kila mwaka kwa Kiswahili. Wafanya kazi na wakaaji wa karibu wawe na watu wao katika kamati yake.

Mpaka hayo yapatikane, tuanze na lililo mikononi mwetu. Kila ndugu anayetia fimbo awe na daftari lake. Aandike tarehe, kipimo, mita, na siku lori lilipofika. Shoti ikija kila siku, hata zamu zikibadilishwa, hiyo haina tabia ya mwizi. Mwizi hupumzika, tundu halipumziki. Ukiona hivyo, usilipe kimya kimya. Njoo kwa katibu wa tawi na daftari lako. Na ukiwa huko nyuma ya stesheni, muulize jirani yako kama maji yake yananuka.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa waliokaa ofisini shoti ni nyepesi, ni tarakimu tu kitabuni. Sisi tulioibeba twajua uzito wake. Na yule mzee tuliyemwacha aitwe mwizi, naye aliibeba peke yake kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na daftari la kumtetea. Tusirudie.

Ni mimi ndugu yenu katika chama,
Mfanya Kazi wa Pampu