Usalama wa Binti Hauishii Langoni

Msimu wa ukeketaji unapowadia mwezi Desemba, mabinti wa Tarime na Serengeti huyakimbia makwao. Hupokewa katika nyumba salama, zikiwamo za Masanga na Mugumu. Sisi huwahesabu, tukashukuru, kisha tukaufunga mjadala. Naomba tuufungue upya kupitia maisha ya tabibu mmoja.

John Bowlby alizaliwa London mwaka 1907 katika familia iliyojiweza. Yaya aliyempenda aliondoka yeye akiwa na miaka 4 hivi, na uchungu huo hakuusahau. Alipokuwa daktari wa afya ya akili ya watoto, alichapisha mwaka 1944 uchunguzi wa watoto 44 waliokuwa wezi. Kati ya 14 walioonekana kutojali mtu yeyote, 12 walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wadogo. Mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti iliyosisitiza kwamba mtoto huhitaji mlezi wa kudumu, si chakula na malazi pekee.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa jirani zetu. Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya naye kazi London, alizifuatilia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955. Aliona kwamba mtoto humfanya mama kuwa ngome yake: hutoka kuuchunguza ulimwengu, na akiogopa hurejea kwake.

Sasa mtazame binti wa Tarime. Kwake, wa kukimbilia ndiye anayemkimbia. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watoto wachanga. Bowlby mwenyewe alishikilia kuwa hitaji hilo humfuata binadamu tangu utotoni hadi kaburini.

Simaanishi kwamba binti abaki nyumbani akangoje kisu. Kumwokoa ni wajibu. Lakini baada ya kumwokoa, apewe mlezi mmoja asiyebadilishwa kila mwezi. Halmashauri zitenge fedha za maafisa ustawi wa jamii na wataalamu wa afya ya akili. Na anaporudishwa kwa wazazi waliotia saini ahadi, afuatiliwe kwa miaka, si kwa wiki.

Tangu mwaka 1998 sheria yetu imeulinda mwili wa binti aliye chini ya miaka 18. Moyo wake bado unasubiri bajeti.