NURU YA TELEVISHENI ISITULETEE SUMU

Hapa Namtumbo twalima tumbaku ya moshi, mmea ambao huvuta kadmiamu kutoka udongoni na kuiweka majanini. Metali hiyo hudhuru figo na mifupa. Leo yaweza kutuingilia majumbani kwa mlango mwingine, nao ni televisheni.

Baadhi ya televisheni za kisasa hupata rangi zake kutoka kwa fuwele ndogo mno, zenye upana wa sehemu chache za milioni ya milimita. Zilizo ndogo hutoa buluu, zilizo kubwa nyekundu. Kwa kazi hiyo Bawendi, Brus na Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Njia ya Bawendi na wenzake ya mwaka 1993 ilitumia kemikali ya kadmiamu yenye sumu kali na iwezayo kulipuka, ikiingizwa katika kiyeyushi chenye joto la nyuzi 300 hivi. Mwaka 2001 wataalamu nchini Marekani waliibadili kemikali hiyo kwa oksidi ya kadmiamu. Hapo aliyepata nafuu ni mfanyakazi wa maabara. Sumu yenyewe ilibaki ndani ya fuwele, na fuwele ndani ya bidhaa tunayouziwa.

Zipo sasa fuwele za indiamu na fosforasi, zisizo na kadmiamu kabisa, na tayari zimo madukani. Wengine hutengeneza chembe za kaboni zinazong'aa kwa majani, maganda, maji na moto tu, ingawa hizo bado hazijazifikia nyingine kwa usafi wa rangi.

Ndugu zetu wa Zanzibar walianza kutazama televisheni ya rangi mwaka 1974, miaka ishirini kabla ya Bara kuwa na televisheni yoyote. Basi tuwaulize, televisheni mbovu huzikwa wapi kisiwani, ambako maji ya kunywa hutoka katika mawe ya matumbawe yaliyo chini ya miguu yao? Ulaya imeweka kikomo cha kadmiamu cha sehemu moja kwa 10,000, ijapokuwa kwa miaka kadhaa ilizipa fuwele hizi msamaha. Hatuoni sababu ya kuuiga msamaha huo.

Twawataka maofisa wa ununuzi, wa Bara na wa Visiwani, waandike katika zabuni zao: bila kadmiamu. Na makonyo ya karafuu na makumbi ya nazi wapewe wanasayansi wa vyuo vyetu, wayajaribu kwa chembe hizo za kaboni.