KIBALI KIMO KITABUNI; MLEZI ATALIPWA NA NANI?

Wananchi wa Wete, na wa miji midogo yote ya visiwa hivi, wana suala moja ambalo halitangazwi kwa vipaza sauti wala halipigiwi makofi mikutanoni, walakini huulizwa kila alfajiri katika nyumba zisizo na idadi: Jee, leo mtoto ataachwa kwa nani? Mama muuza samaki analiuliza, mwalimu wa skuli analiuliza, muuguzi anayekwenda kupokea zamu analiuliza, na mkulima wa mwani analiuliza huku akiyatazama maji. Ajabu si kuulizwa kwake. Ajabu ni kwamba waliopewa dhamana ya kujibu hujibu siku zote kwa neno lile lile: sheria ipo.

Ni kweli ipo, wala hatuikanushi. Bara walipitisha Sheria ya Mtoto, Namba 21, mwaka 2009, na Zanzibar tukapitisha ya kwetu, Namba 6, mwaka 2011. Mwenye kutaka kulea watoto wa watu kwa malipo hana budi kuwa na kibali, na mahali pake pakaguliwe. Haya ni mema matupu. Hapana mzazi mwenye akili timamu atakayeridhia mwanawe afungiwe katika chumba kimoja na watoto ishirini, jiko la mkaa liko mlangoni, kisima cha uani hakina mfuniko, na mlezi mwenyewe ni binti wa miaka kumi na minne. Asemaye kwamba vibali ni udhia wa maofisi tu, huyo hajapata kumkosa mtoto machoni kwa dakika tano karibu na kisima. Sisi twakitaka kibali. Twataka kitundikwe ukutani, kwa herufi kubwa, kila mzazi akisome kabla ya kumkabidhi mwanawe.

Lakini sheria imwambiayo mtu asifanye vibaya bila ya kumwezesha kufanya vizuri, hiyo ni nusu ya sheria, na nusu hiyo ndiyo iliyotufikia sisi.

Tuchukue mfano, na mfano huu si wa mtu fulani bali ni wa wengi. Mwanamke ana chumba cha ziada nyumbani kwake. Majirani wanne wamemwomba awalelee watoto, naye ni mtu mwema, mwenye subira na usafi. Akiamua kwenda kwa njia ya haki ataambiwa atengeneze choo cha watoto, avute maji, azungushe ua, apate mafunzo, na aongeze nafasi. Hakuna hata moja katika hayo lililo la upuuzi. Ila fedha za kuyatimiza hazitajwi. Basi mwanamke huyu ana njia mbili: ama aache, na watoto wale wanne warudi kufungiwa ndani na dada yao, ama aendelee kimya kimya, bila ya kibali, ajifiche kwa kazi ambayo mji mzima unaihitaji. Wengi huchagua hii ya pili, na hapo ndipo mlezi mwema na mlezi mbaya wanapofanana, kwa kuwa wote wawili wamo gizani na hapana awakaguaye.

Sasa natufanye hesabu, kwani katika jambo hili hesabu ndiyo inayokwepwa. Mtu mmoja hawezi kuwatunza kwa insafu watoto wachanga zaidi ya wanne. Tuseme, kwa mfano tu, mlezi huyo alipwe shilingi 200,000 kwa mwezi, ujira ambao hakuna muungwana atakayeuita mkubwa. Kila mzazi atoe 50,000, na hapo hatujahesabu uji, sabuni, maji wala kodi ya nyumba. Mama mwenye kupata 150,000 atakuwa amekwisha kutoa theluthi ya pato lake kabla ya kununua kibaba cha mchele. Akiwa na watoto wawili wadogo, atoe theluthi mbili. Mtu wa namna hiyo hataacha kazi kwa uvivu; ataiacha kwa kujua kuhesabu. Punguza ada, mlezi atakuwa na njaa. Mwongezee mlezi watoto hata wafike kumi na wawili, na huo ulezi utakuwa ni ulinzi wa mbuzi. Kwa hivyo usafi, urahisi na kibali havikutani kwa nguvu za mzazi na mlezi peke yao, hata wakeshe wakijadiliana. Hapana budi pawe na mkono wa tatu, na mkono huo ni wa umma.

Kuna wanaotujibu: mbona bibi yupo? Hakika bibi zetu wametulea, na Mungu awalipe. Lakini watazameni hao bibi wa leo. Tangu zao la mwani lilipoanza kulimwa kwa biashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na likavuka hata likatapakaa pwani za Pemba, wakulima walio wengi ni wanawake, na miongoni mwao ni hao hao mnaowaita bibi. Bibi yumo majini, maji ya kiunoni, anafunga mbegu. Msimu wa karafuu ukifika, yuko mikarafuuni au yuko jamvini anachambua. Watu hupenda kumtaja bibi kama kwamba ni nyumba ya Serikali iliyokaa tu ikingojea watu wa kuwekwa ndani. (Na baba, ambaye katika mazungumzo haya hatajwi kabisa, hatujui amejificha kwenye baraza ya nani.)

Na bibi asipokuwapo, hubaki dada. Huyo ndiye aumiaye kwa siri kuliko wote. Mtoto wa kike wa darasa la nne au la tano hubakizwa nyumbani siku za bamvua, amwangalie mdogo wake. Hubaki siku tatu, kisha siku nne, kisha mwalimu huacha kumwita jina lake. Mabwana wanaolalamika kwamba wanafunzi wa kike wanapungua darasani, na waulize ni nani anayembeba mtoto mchanga saa hiyo.

Kuhusu bamvua, liko jambo ambalo wapangaji wa mjini hawalielewi, na latupasa tulieleze. Mwani haufuati saa ya ofisi. Mwezi ukiandama, au ukifika kuwa mpevu, bahari hupwa sana, na hizo ndizo siku za kuingia majini. Leo maji yakiwa yamekupwa saa tatu asubuhi, kesho yatakupwa karibu na saa nne, na kesho kutwa yakaribie saa tano, kwani hukawia takriban dakika 50 kila siku. Kisha huja maji mafu, na mkulima hukaa nje kwa siku kadhaa. Kituo kifunguliwacho saa mbili na kufungwa saa sita, mwezi mzima bila ya kubadilika, kitamfaa karani. Mkulima wa mwani kitamfungia mlango yuko katikati ya maji. Kalenda ya kituo cha pwani ipangwe na mtu ajuaye kuhesabu mwezi.

Hatusemi kwamba hapajafanyika kitu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza skuli ya maandalizi katika elimu ya lazima. Vituo vya Tucheze Tujifunze vilipeleka masomo kwa redio hata vijijini. Na kabla ya hayo, fikra aliyoianzisha Bi Swafiya Said kule Mombasa katika miaka ya 1980, ya kuwafunza akina mama wa mtaani wawe walimu wa watoto wadogo ndani ya madrasa, ilivuka ikaja Zanzibar mwaka 1990, na ikathibitisha kwamba mtaa wenyewe waweza kusimamisha mahali pa watoto pakawa pa kuonewa fahari. Lakini vyote hivyo ni vya watoto waliokwisha kujua kuvaa viatu. Likizo ya uzazi ni ya miezi mitatu hivi, na hiyo ni kwa mwajiriwa tu. Muuza samaki likizo yake ni siku atakazoweza kukopa. Skuli ya maandalizi humpokea mtoto wa miaka minne. Baina ya miezi mitatu na miaka minne pana takriban miaka mitatu na miezi tisa, na katika muda huo wote mzazi wa mji mdogo ameachiwa Mola wake.

Wala tusidanganywe kwamba jambo hili ni la kwetu tu kwa sababu ya umaskini. Ujerumani, dola tajiri, ilitoa haki ya kisheria mwaka 2013 kwamba kila mtoto atimizaye mwaka mmoja apatiwe nafasi ya kulelewa. Na bado wazazi wengi wamejikuta wanapanga foleni, kwa kuwa haki iliandikwa haraka kuliko walezi walivyopatikana. Quebec, katika Kanada, walishika njia nyengine mwaka 1997: walipanga ada ya dola 5 kwa siku kwa mzazi, na sehemu iliyobaki ikabebwa na hazina ya umma. Foleni nako zilikuwapo, na ada ilipanda baadaye. Lakini akina mama kwa maelfu waliingia makazini. Hatusemi Pemba ina hazina ya Quebec. Twasema kwamba waliofanikiwa kidogo walianza kwa kujibu suala la nani alipe, kisha ndipo wakaja kwenye mihuri.

Basi twataka nini? Twataka Baraza la Mji na Serikali wamlipe mlezi mmoja aliyefunzwa katika kila shehia, kwa kuanzia, ili ada ya mzazi ibaki kuwa ya uji na sabuni. Twataka kibali kiwe cha ngazi mbili: mlezi aandikishwe kwanza kwa muda wa mwaka mmoja, bila ya malipo, akaguliwe mambo yanayoua, yaani kisima, moto, ufunguo wa mlango na idadi ya watoto; kisha asaidiwe kufikia hayo mengine. Anayekataa kufunika kisima na afungiwe siku hiyo hiyo. Anayekosa ua apewe mbao. Na majina ya walioandikishwa yabandikwe kwa sheha, sokoni na hospitali, kwani leo hii mzazi akitaka kujua ni nani mwenye kibali, hana pa kuuliza ila kwa shoga yake.

Sensa ya 2022 ilihesabu Pemba watu zaidi ya 540,000. Miongoni mwao wamo wajumbe tuliowachagua, nao wakati wa kuomba kura hawakukosa kuwabeba watoto wetu mikononi wapigwe picha. Twawaomba watakapokutana kupanga fedha za mwaka ujao watuambie, kwa tarakimu si kwa hutuba, fungu la mlezi ni kiasi gani, na ni nyumba ipi ya umma, katika hizi zilizofungwa kwa kufuli hapa Wete, itakayofunguliwa kwanza.