Tusilishe Shamba Lote kwa Kipimo Kimoja

Kila mwaka mvua zikaribiapo, sisi wanafunzi hupanga mstari mbele ya stoo, kila mmoja na kopo lake, tukagawiwa mbolea ya shamba la shule. Kopo ni lile lile kwa kila mtu, na kipimo ni kile kile kwa kila mstari wa mahindi. Wako wasemao kwamba huo ndio usawa. Mimi nasema ni upotevu wa fedha, na kwa kuwa sehemu ya fedha hizo hutoka mifukoni mwa wazazi wetu, naomba nafasi kidogo katika gazeti hili nieleze sababu zangu.

Shamba letu ni ekari 4. Pembe ya juu palikuwa na zizi la ng'ombe zamani, na mpaka leo mahindi ya hapo huwa na rangi ya kijani iliyokolea. Katikati ni udongo mwekundu. Chini, karibu na korongo, ni mchanga mtupu, na kila mvua kubwa huondoka na sehemu yake. Msimu uliopita mimi na wenzangu wawili tulivuna mistari 10 katika kila sehemu, tukapukuchua na kupima kwa debe. Juu tulipata madebe 6, katikati madebe 4, na chini debe moja na nusu. Mbolea ilikuwa sawasawa kote. Basi ile iliyomwagwa kule chini ilikwenda wapi? Nadhani korongo linajua.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1929 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwaelekeza wakulima wapime ukali wa udongo sehemu kwa sehemu, wachore ramani ya shamba, kisha watie chokaa kwa kufuata ramani hiyo. Wakati ule kazi yote ilikuwa ya mikono, na mwenye shamba kubwa alichoka kabla hajamaliza. Siku hizi kazi hiyo imepewa mashine. Mashine ya kuvuna hupima nafaka inavyoingia, na setilaiti huiambia iko mahali gani shambani. Hivyo mkulima hupata ramani ya mavuno yake. Akiisha kupima na udongo, hutengeneza ramani ya pili, ambayo ni kama cheti cha daktari: hapa tia nyingi, pale kidogo, pale usitie kabisa. Ramani huwekwa katika kompyuta ya trekta, na trekta inapokwenda, mashine ya mbolea hujifungua na kujibana yenyewe. Kazi hii ilipata nguvu zaidi tangu Mei 2000, Serikali ya Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zake zilizotumiwa na raia.

Wengine watasema, "Tununue mashine hiyo!" Taratibu. Faida haikai katika chuma. Shamba ambalo udongo wake ni wa namna moja halitapata faida yo yote kwa mashine hiyo, bali deni tu. Hata mwenye shamba lenye udongo mbalimbali anaweza kupata hasara ikiwa ramani yake ni ya kubahatisha, maana mashine itatimiza kosa lake kwa uaminifu mkubwa.

Na hapa ndipo penye swali gumu, ambalo nilibishana nalo na rafiki zangu bwenini mpaka taa zikazimwa. Sehemu ya shamba isiyozaa vizuri ipewe mbolea zaidi, au ipunguziwe? Wengi walisema iongezwe, kwa kuwa ndiyo yenye njaa. Lakini udongo unaweza kushindwa kuzaa kwa sababu nyingi. Ikiwa umekosa chakula tu, basi ukilishwa utalipa. Ikiwa ni mchanga usioshika maji, au una mwamba chini yake, mahindi hayawezi kutumia chakula hata kikijazwa mpaka juu, kwa sababu linalowazuia ni jingine. Ikiwa udongo ni mkali kupita kiasi, mbolea nyingi itapotea mpaka kwanza utiwe chokaa. Tena hata udongo mzuri una mwisho wake: mfuko wa kwanza huongeza magunia mengi, wa pili machache, na wa tatu pengine haurudishi hata bei yake. Kwa hiyo mtu hawezi kujibu swali lile akiwa kitandani. Lazima achimbe.

Yawezekana kuyafanya haya bila trekta? Nasema ndiyo, na huenda sisi wenye majembe tuna nafuu, maana mkono unaotia mbolea shimo kwa shimo unaweza kubadili kipimo kila hatua. Katika nchi za Niger, Mali na Burkina Faso wako wakulima waliofundishwa kupima mbolea ya mtama na uwele kwa kizibo cha soda, ambacho kikijaa huchukua gramu 6 hivi. Nilipiga hesabu ya mahindi yetu. Tukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari moja ina mashimo karibu 18,000. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukigawanywa sawasawa humo, kila shimo hupata chini ya gramu 3, yaani nusu ya kizibo. Kumbe kopo letu lilikuwa likimpa kila mmoja kidogo, mwenye shibe na mwenye njaa pamoja!

Hata nyumbani kwetu sote twalijua jambo hili ila hatulitumii. Kiunga cha karibu na nyumba hupata majivu, samadi na takataka za jikoni, na migomba yake hunenepa. Shamba la mbali halipati kitu. Lakini mbolea ya mfuko inaponunuliwa kwa shida, baba huigawa sawa kwa sawa pande zote mbili.

Basi ninapendekeza hivi. Kabla ya mvua, tuligawe shamba la shule sehemu tatu nilizozitaja. Katika kila sehemu tuchimbe mahali 15, kina cha sentimita 20, udongo wa sehemu hiyo tuuchanganye katika ndoo yake peke yake, tutoe nusu kilo na kuipeleka kupimwa. Tusichanganye ndoo zote tatu, maana wastani wa zizi na korongo ni udongo ambao haupo po pote shambani. Maabara za udongo ziko, kwa mfano Mlingano kule Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ramani tutaichora wenyewe kwa kamba na karatasi. (Simu ingetuonyesha mipaka upesi zaidi, lakini sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa nazo, na leo sikuja kutetea hilo.)

Kama majibu yataonyesha kwamba sehemu ya chini haifai mahindi hata kidogo, tupande majani ya ng'ombe huko na kuzuia korongo. Nimekwisha zungumza na wenzangu saba wa Kidato cha Tatu. Wako tayari kuchimba Jumamosi yo yote Bwana Mwalimu wa Kilimo atakayotupa ruhusa. Ndoo tunazo. Gharama ya kupima sampuli tatu hatuna, na hilo twawaachia wazazi walizungumze katika mkutano wao.